Hii tisa niliiweka ya nini? Kwa nini waandishi wa programu hushindwa kuelewa msimbo wao wenyewe

Mstari wenyewe ulikuwa mfupi:

saa = (u + 9) % 12

Niliuandika mimi. Jina langu liko juu ya faili, tarehe ipo, na hata namna ya kuacha nafasi kati ya alama ni yangu. Miaka mitatu baadaye niliufungua tena na sikuweza kusema 9 ile ilitoka wapi.

Programu ni ndogo. Niliitengeneza kwa ajili ya kikundi cha kina mama cha kuweka na kukopa hapa Tanga, iwe inawatumia wanachama ujumbe wa simu kuwakumbusha kikao. Seva yake nimeikodi nje ya nchi, na inatunza saa kwa UTC, yaani ile saa ya kimataifa ambayo sisi wa Afrika Mashariki tumeitangulia kwa saa tatu. Waliponiomba niongeze ujumbe wa faini kwa wanaochelewa, nikapitia faili lote hadi nikafika kwenye mstari ule. Nikajiambia: tofauti yetu na UTC ni saa 3, wanaoongeza 9 ni watu wa Tokyo. Basi hili ni kosa, labda nilinakili mahali. Nikafuta 9, nikaweka 3, nikahifadhi, nikaenda kulala.

Kikao cha Jumamosi ile kilikuwa saa kumi jioni. Ujumbe uliotoka ulisema saa nne. Haukutaja asubuhi wala jioni, na muda wa vikao vyao hubadilika mwezi hadi mwezi, kwa hiyo hakuna aliyekuwa na sababu ya kuutilia shaka. Saa nne na nusu asubuhi simu yangu ikaita. Alikuwa mweka hazina, mama wa makamo anayeuza nyanya na viungo. Hata shikamoo yangu aliiitikia kwa haraka. "Mwanangu, tuko hapa watu kumi na wawili, mlango umefungwa. Mimi nimefunga genge langu. Kulikoni?"

Nilimwomba radhi, nikawaomba radhi wote, kisha nikakaa na karatasi na kalamu. Sisi tunahesabu saa tangu jua linapochomoza. Pale kompyuta inaposema ni 7 asubuhi, kwetu ni saa moja. Kwa hiyo ukitoka kwenye UTC unaongeza 3 upate saa ya hapa, halafu unatoa 6 upate saa ya Kiswahili. Ongeza 3, toa 6, jumla yake ni kutoa 3. Lakini ukitoa 3 pale UTC inapokuwa 1 unapata namba hasi. Alama ya % hukupa baki baada ya kugawa, na JavaScript, lugha niliyotumia, ukiigawia namba hasi inakurudishia baki hasi. Dawa yake ni kuongeza 12, maana saa huzunguka kila baada ya 12. Toa 3, ongeza 12: tisa. Saa kumi jioni ni 13 kwa UTC. 13 na 9 ni 22. Ondoa 12, inabaki 10. Saa kumi.

Tisa ilikuwa sahihi tangu siku ya kwanza. Niliyekosea ni mimi wa miaka mitatu baadaye, niliyeisahihisha.

Nimekieleza kisa hiki kirefu kwa sababu vijana wanaojifunza kazi hii huniuliza mara kwa mara, kwa sauti ya chini, kama ni wao peke yao wanaofungua kazi yao ya mwaka juzi na kuiona kama ya mgeni. Si wao peke yao. Ni jambo la kawaida kabisa katika fani hii, na lina sababu zinazoelezeka.

Kilichomo ndani na kilichobaki nje

Msimbo ni maagizo kwa mashine. Unaiambia ichukue namba hii, iongeze ile, igawe, ihifadhi. Kompyuta haihitaji kujua kwa nini. Kwa hiyo unapousoma msimbo wa zamani, "nini" yote iko mbele yako, haijapungua hata herufi moja. "Kwa nini" ndiyo huioni, na huioni kwa sababu haikuwahi kuandikwa. Ilikuwa kichwani mwako.

Mfikirie fundi cherehani anayempima mteja. Anaandika kwenye kipande cha karatasi: 38, 27, 14. Kwa wakati ule zinamtosha, maana mteja amesimama mbele yake na tepu bado imemzunguka kiunoni. Baada ya miezi miwili anaiokota karatasi ile chini ya cherehani. Namba zipo zote tatu, wino haujafutika. Lakini mabega ni ya nani, na lilikuwa gauni au suruali? Mali bila daftari hupotea bila habari, na fundi mzoefu analijua hilo kwa vitendo: daftari lake lina jina la mteja, aina ya vazi, na mchoro mdogo pembeni.

Mwandishi wa programu anafanana na yule fundi wa karatasi, ila ugumu wake umezidi kidogo. Fundi anajua kabisa kwamba mteja ataondoka. Sisi tukiwa katikati ya kazi hatuhisi kwamba kuna kitu kitaondoka. Siku niliyoandika 9, suala la saa ya Kiswahili lilikuwa limenijaa kichwani tangu asubuhi. Kulieleza kungekuwa kama kujiandikia barua ya kujikumbusha jina langu.

Sayansi ya kumbukumbu ina la kusema hapa. Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha matokeo ya majaribio aliyojifanyia mwenyewe. Alikariri mfululizo wa silabi zisizo na maana, kisha akapima amebakiwa na kiasi gani baada ya dakika kadhaa, saa kadhaa, siku kadhaa. Akaona kwamba kusahau huanza kwa kasi kubwa, halafu kasi inapungua. Silabi zisizo na maana alizichagua makusudi, kwa sababu chenye maana hung'ang'ania zaidi. Nami nikisoma habari hiyo naiona 9 yangu. Siku nilipoiandika ilikuwa na maana tele. Maana ilipokatika, ikabaki silabi tupu, na silabi tupu haina pa kushikia.

Jaribio jingine linanigusa zaidi. Mwaka 1973 Wamarekani William Chase na Herbert Simon walichapisha utafiti juu ya wachezaji wa sataranji. Bingwa alionyeshwa kwa sekunde tano ubao uliopangwa kama ulivyokuwa katika mchezo wa kweli, kisha akatakiwa kuupanga upya. Aliweza kwa kiwango ambacho anayejifunza hawezi kukikaribia. Kete zilipotawanywa ovyo tu, bila mchezo wowote nyuma yake, bingwa akawa karibu sawa na mtu wa kawaida. Hakuwa na kumbukumbu ya ajabu. Alichokuwa nacho ni mafungu: kete kadhaa anaziona kama umbo moja analolifahamu.

Ndivyo tulivyo tukiwa ndani ya kazi. Baada ya wiki tatu za kukaa na programu moja, mistari ishirini inakuwa umbo moja, unalishika kwa jicho moja na kulibeba pamoja na mengine. Hilo ni la lazima, kwa kuwa kichwa cha mtu hushika mafungu machache kwa wakati mmoja. Mwanasaikolojia Nelson Cowan, mwaka 2001, alikadiria yapata manne. Ukiondoka kwenye kazi, mafungu yanafumuka. Ukirudi, unaona kete zilizotawanyika. Mstari wangu mfupi ulikuwa umebana mambo matano: UTC, tofauti ya saa 3, hesabu ya saa ya Kiswahili, mzunguko wa 12, na tabia ya namba hasi. Yote katika tarakimu moja. Nilijiona fundi hodari kwa kuyabana vile, na ubanaji huo ndio uliotuumiza.

Wakati mwingine hukusahau: hukuwahi kuelewa

Hili halisemwi sana, na nadhani linastahili kusemwa. Si kila msimbo tunaoshindwa kuusoma tuliuelewa siku tulipouandika.

Mfano wake maarufu unatoka kwa watu wenye heshima kubwa kuliko wote katika kazi hii. Unix, mfumo endeshi (programu inayosimamia kompyuta nzima) uliozaliwa kwenye maabara ya Bell Labs nchini Marekani, ni mfumo ambao mawazo yake yamo ndani ya simu karibu zote tunazozitumia leo. Katika toleo lake la sita, la mwaka 1975, kuna sehemu ya kubadilisha zamu: programu moja inasimamishwa, nyingine inapewa nafasi ya kutumia kompyuta. Juu ya mistari michache ya sehemu hiyo waandishi waliweka maelezo kuhusu jambo gumu kidogo, jinsi amri ya kurudi inavyotekelezwa hapa lakini inakurudisha kutoka kwenye fanksheni (kipande cha msimbo chenye kazi yake) nyingine kabisa. Maelezo hayo yanamalizika kwa sentensi ambayo imezunguka dunia: "Hutarajiwi kuelewa hili."

Wengi waliisoma kama majivuno. Baadaye Dennis Ritchie, mmoja wa waliotengeneza Unix, alieleza kwamba waliiandika kwa moyo wa mwalimu anayewaambia wanafunzi kuwa jambo hili halitakuwemo kwenye mtihani. Kisha akaongeza lililo zito zaidi: shida yenyewe ni kwamba hata wao walikuwa hawaelewi kilichokuwa kikitokea.

Ujanja ule ulifanya kazi kwa sababu kompaila (programu inayotafsiri msimbo kuwa lugha ya mashine) ya kompyuta yao, PDP-11, ilikuwa ikihifadhi rejista (vijisanduku ambamo kompyuta hushikia namba inazozifanyia kazi) kwa namna ile ile kila fanksheni inapoitwa. Kwa hiyo mlango wa kutokea wa fanksheni moja ulifanana na wa nyingine, na unaweza kuingilia huku ukatokea kule bila kudhurika. Unix ilipohamishiwa kwenye kompyuta ya Interdata 8/32, kompaila ya huko ilikuwa na desturi nyingine: namna ya kurudi ilitegemea ni rejista zipi zimehifadhiwa. Milango haikufanana tena. Katika toleo la saba, la mwaka 1979, sehemu hiyo ya kubadilisha zamu ilikuwa imefikiriwa na kuandikwa upya.

Angalia kilichokosekana. Maelezo yalikuwepo, tena marefu kuliko msimbo wenyewe. Yalieleza vizuri kinachofanyika. Hayakutaja nguzo ambayo kila kitu kiliegemea, kwa sababu walioandika hawakujua kwamba wameegemea nguzo. Programu ikifanya kazi, ni rahisi kudhani kwamba umeielewa. Mimi nimewahi kubadilisha alama moja baada ya nyingine usiku wa manane mpaka hitilafu ikaondoka, nikafunga kompyuta kwa furaha. Msimbo wa namna hiyo, ukiufungua baada ya mwaka, unakuambia ukweli uleule uliokuwepo usiku ule.

Peter Naur, mwanasayansi wa kompyuta kutoka Denmark, alilichimba jambo hili katika makala ya mwaka 1985. Naur hakuwa mtu wa pembeni: alianza kama mwanaastronomia, alihariri ripoti ya lugha ya programu ya Algol 60, na mwaka 2005 alipewa Tuzo ya Turing, tuzo kubwa kuliko zote katika sayansi ya kompyuta. Hoja yake ni kwamba programu si maandishi. Programu ni ufahamu, yeye akiuita nadharia, ambao waandishi wake wanao kuhusu jinsi shughuli za duniani zinavyolingana na kilicho ndani ya mashine. Maandishi ni alama tu ya ufahamu huo. Alitoa mfano wa kikundi kilichotengeneza kompaila nzuri, kisha kikundi cha pili kikapewa msimbo wote, nyaraka zote na ushauri juu, ili wakaiongezee uwezo. Mara kadhaa kikundi cha pili kilipopendekeza namna ya kuongeza, wale wa kwanza waliona mara moja kwamba pendekezo linaharibu mpangilio, na kwamba ndani ya mpangilio uleule kulikuwa na njia rahisi zaidi. Njia hiyo haikuonekana kwenye karatasi. Ilionekana kwa wenye ufahamu.

Naur akafika mbali: alisema programu hufa pale timu yenye ufahamu huo inapovunjika, na kwamba kuifufua kwa nyaraka pekee haiwezekani. Hapo mimi naachana naye kidogo, angalau kwa msimbo wa mtu mwenyewe. Kichwa kilichojenga ufahamu ule ndicho kinachorudi kuusoma. Tabia zake hazijabadilika zote, na jambo moja likigutuka hugutua mengine. Mchana ule, nilipoandika tu "toa 6" kwenye karatasi, namba hasi ilijileta yenyewe. Lakini kuhusu kazi ya mwenzio aliyeondoka, Naur ananishawishi.

Ukitaka kuona gharama ya ufahamu uliopotea, tazama roketi ya Ariane 5. Tarehe 4 Juni 1996 iliruka kwa mara ya kwanza kutoka Kourou, Guyana ya Ufaransa, na sekunde zipatazo 40 baadaye ikalipuka angani. Mfumo wake wa kupima mwelekeo ulichukuliwa kutoka Ariane 4, roketi iliyotangulia, ambako ulikuwa ukifanya kazi vizuri. Ndani yake mlikuwa na hesabu ya kujipanga ambayo iliendelea kwa sekunde kadhaa baada ya roketi kuruka. Kwa Ariane 4 jambo hilo lilikuwa na sababu: kuhesabu kuelekea kuruka kukisimamishwa dakika za mwisho, kusilazimu kuanza upya kwa kazi ya muda mrefu. Kwa Ariane 5 sababu hiyo haikuwepo tena. Hesabu ilibaki.

Katika hesabu ile, namba moja ya biti 64 iligeuzwa kuwa namba ya biti 16, ambayo haiwezi kuzidi 32,767. Ariane 5 ilikwenda kwa kasi ya mlalo kubwa kuliko Ariane 4, namba ikafurika, kompyuta ya kupima mwelekeo ikajizima, na ya akiba ilikuwa imejizima kwa sababu hiyohiyo. Tume ya uchunguzi ilikuta kwamba kulikuwa na namba saba za kuangaliwa. Nne zilikuwa zimewekewa kinga na tatu zikaachwa. Kuziacha haukuwa uzembe. Watu walikaa, wakafikiri, wakaona kwamba kwa roketi ile haziwezi kufika mbali kiasi hicho, na walitaka kuipunguzia kompyuta mzigo. Ila sababu hiyo haikuandikwa ndani ya msimbo wenyewe, pale ambapo msomaji wa baadaye angekutana nayo. Kilichobaki kwa msomaji ni namba tatu zisizo na kinga, bila neno lolote la kusema: "haya ni salama kwa Ariane 4 tu."

Kuna pia msimbo ambao hakuna aliyeugusa na bado umebadilika maana. Katika toleo la 2, la zamani, la lugha ya programu ya Python, kugawa 7 kwa 2 kulikupa 3. Katika Python 3, iliyotoka mwishoni mwa mwaka 2008, mstari uleule unakupa 3.5. Toleo la 2 liliachwa rasmi tarehe 1 Januari 2020. Anayesoma leo msimbo wa kugawa gawio la mwaka 2012 kwa macho ya leo anausoma vibaya, hata kama aliuandika yeye.

Namna ninavyoufungua sasa

Kwanza, siugusi. Nilipoiona 9 nilichukua dakika moja kuihukumu na sekunde kuibadilisha, na hapo ndipo kosa lilipo. Sasa, kabla ya kubadilisha chochote, ninauendesha msimbo kama ulivyo na kuulisha vitu ninavyovijua. Ningeupa 13 ningeona unarudisha 10, na mtu wa hapa akiona 13 ya UTC imekuwa 10 anajua mara moja kwamba hiyo ni saa kumi jioni, wala si Tokyo. Majibu hayo ninayaandika kama majaribio yanayojiendesha, hata yale yanayoonekana ya ajabu, ili nikibadilisha kitu baadaye kompyuta ipige kelele kabla ya mweka hazina.

Kisha ninatafuta historia. Git, mfumo wa kutunza matoleo ulioanzishwa na Linus Torvalds mwaka 2005, unaweza kukuonyesha kila mstari uliingizwa lini, na nani, pamoja na mabadiliko gani mengine. Hayo mengine ndiyo yenye faida. Mistari iliyozaliwa siku moja mara nyingi ina sababu moja. Lakini mfumo unakurudishia ulichoupa. Nilipotazama ujumbe niliouweka siku ya 9, ulikuwa neno moja: "marekebisho". Nawasihi wanaoanza: neno hilo halimsaidii mtu.

Sababu yenyewe niliikuta nje ya msimbo kabisa, kwenye simu. Katibu wa kikundi alinitumia ujumbe wa sauti miaka mitatu nyuma, na bado ulikuwepo: "Ziandikwe saa zetu za Kiswahili. Ukiandika za Kizungu, wazee wengine zinawachanganya." Sentensi mbili tu. Ningezinakili juu ya mstari ule, pasingetokea lolote.

Siku hizi wengi huipa akili mnemba msimbo wa zamani iwaelezee. Nami huitumia, na kwa kueleza kinachofanyika inasaidia kweli. Kwa upande wa sababu, inakisia kutokana na kilichoandikwa, na ujumbe wa katibu haukuandikwa humo.

Nimejifunza pia kwamba namba zisizoeleweka hazilingani. Katika faili lilelile kuna 153. Hiyo sikuihangaikia, kwa kuwa sababu yake iko duniani, wazi kwa kila mtu: ujumbe mmoja wa simu hubeba herufi 160, lakini ukiwa mrefu na ukakatwa vipande, kila kipande kinabaki na 153, nafasi nyingine inatumika kuviunganisha vipande hivyo upande wa mpokeaji. Yeyote anayefanya kazi na ujumbe wa simu ataitambua. Tisa ilikuwa yangu peke yangu, lakini iliwezekana kuikokotoa. Kwa namba za namna ya 9 ndiko ninakoelekeza nguvu zangu sasa, na mstari ule leo unasomeka hivi:

// Hifadhidata inatunza UTC. +3: saa ya Afrika Mashariki.
// -6: saa ya Kiswahili, kwa ombi la katibu. +12: kuzuia namba hasi.
saa = (saaYaUtc + 3 - 6 + 12) % 12

Ni mrefu zaidi, na kompyuta inafanya hesabu mbili za ziada ambazo haitazihisi. Herufi "u" imepata jina lake kamili. Sikuandika kwamba mstari huu unakokotoa saa, maana hilo msomaji analiona.

Kuna namba ya tatu. Baada ya kila ujumbe hamsini, programu inasimama kwa sekunde 11 kabla ya kuendelea. Si 10. Ipo tangu toleo la kwanza kabisa, kwa hiyo historia hainiambii kitu. Nimerudi kwenye mazungumzo yote ya wakati ule, sikuona. Nilimuuliza mtoa huduma wa ujumbe, akasema kwa sasa hawana kikomo cha namna hiyo. Huenda walikuwa nacho. Huenda kuna usiku sekunde 10 hazikutosha, nikaongeza moja, ikakubali, nikalala.

Nimeiacha. Juu yake nimeandika tarehe na maneno haya: "Sekunde 11: sababu haijulikani. Mtoa huduma anasema hakuna kikomo kwa sasa. Sijajaribu kuipunguza." Jumamosi hii kuna kikao, saa tisa alasiri, kwa hiyo sitaijaribu wiki hii.